Mbuzi Aliyeingia Kwenye Damu Yangu

Kwa miaka yote niliyokaa naye ukuta kwa ukuta pale Kikuyu, Dodoma, sikuwahi kupata punguzo kwa yule mzee. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue uzito wa jambo. Mimi ni dalali wa mahindi, mwanamke kati ya wanaume. Nimepatana na madereva wa malori kwenye soko la Kibaigwa jua likiwa utosini, nimepatana na wanunuzi wenye haraka na wenye ujanja, nimepatana hata na mchungaji wangu juu ya urefu wa mahubiri, na kila mara kuna kitu nilitoka nacho. Kwake nilitoka na pamba iliyobanwa kwenye kiwiko.

Tulimwita Mtu wa Maabara. Mtaa ulitaka kumwita Daktari, kama tunavyomwita kila anayevaa koti jeupe, nusura tumjumuishe hata muuza nyama, lakini alikataa. "Daktari yuko chumba cha pili," alikuwa akisema. "Mimi ni mtu wa maabara." Likamganda. Jina lake halisi nalijua, ila sitaliandika hapa. Yeye mwenyewe alishika msimamo kwamba jina la mtu na damu yake havitembei pamoja barabarani, na sioni kwa nini nimfanyie yeye kile ambacho hakuwahi kumfanyia mtu.

Kwa majina alikuwa na mambo yake. Asubuhi moja alikuja kwangu kuomba chumvi, tukaongea mpaka chai ikapoa. Mchana huohuo nikaenda kliniki, nikakaa kwenye kiti chake, naye akashika kalamu na kuniangalia kama mtu aliyeshuka kwenye basi sasa hivi.

"Jina lako nani?"

"Mzee, chumvi yangu bado iko mdomoni mwako."

"Jina kamili."

Nikamtajia. Akaandika kwenye kichupa, akainua macho, akaniuliza tena. Nikamtajia tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayehojiwa na polisi. Hakucheka. Aliniambia damu haina sura. Ikishaingia kwenye kichupa, mimi na yule bwana aliyekaa nyuma yangu tunafanana, na kosa la jina haliponi kwa dawa yoyote.

Hapo nilimpenda kidogo. Na mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Magunia, viti vya harusi, chenji, watoto wa watu nikikabidhiwa. Nilidhani nimempata mwenzangu. Ilinichukua muda kujua kwamba mimi na yeye hatukuhesabu mara mbili kwa sababu ileile.

Mtu huyo aliyechoma mikono ya nusu ya mji hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Krismasi alipita akigonga milango ya majirani, kisu mkononi na kuku kwapani, akitafuta wa kumsaidia. "Mzee, wewe si ndiye unayetutoa damu?" tulimuuliza. Alijibu kwamba sisi huwa tumekubali. Alituhubiria juu ya sukari, kisha akanywa chai yenye sukari kiasi kwamba kijiko kilisimama. Alikuja Dodoma kwa kazi ya serikali kama walivyokuja wengi, lakini alijifunza kuwaamkia wazee wa Kigogo "Mbukwa" na kujibu maswali yote yanayofuata, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, bila kuruka hata moja, huku foleni ya kliniki ikimsubiri hadi mlangoni. Sisi wa mjini tulinung'unika. Yeye alisema bibi aliyetulia mshipa wake unaonekana, bibi aliyekimbizwa mshipa wake unajificha. Kwa hiyo salamu nayo ilikuwa sehemu ya kazi.

Siku ya kwanza aliponitoa damu nilijaribu biashara.

"Vichupa viwili vya nini? Chukua kimoja, kingine nitakuletea mwisho wa mwezi."

"Kunja ngumi."

"Basi kimoja na nusu."

"Damu haina nusu, Dalali."

Sindano ilipoingia nikamwambia, kumbe na ninyi mnapiga bambo. Akasimama. Hakujua bambo. Nikamweleza kwamba ni kile chuma chenye mfereji tunachochomea gunia ili kutoa mahindi ya ndani bila kulifungua. Muuzaji mjanja huweka punje nzuri juu, zimepepetwa, zinang'aa; zenye wadudu hulala katikati. Ukiangalia mdomo wa gunia tu, umenunua mdomo. Dalali wa kweli huchoma tumboni, kisha huchoma chini.

Alisikiliza sana. Kuanzia wiki hiyo nikawa nasikia wagonjwa wakisimuliana kwenye benchi kwamba kumpima mtu uso ni kuangalia mdomo wa gunia, Mtu wa Maabara kasema. Hakunitaja hata mara moja. Nilimkumbusha kwamba maneno yale yana mwenyewe. Akasema majina ya watu hayatoki maabara.

Sasa niseme kilichokuwa kinanipeleka pale. Dada yangu mkubwa alipata sukari kabla yangu. Hakuumwa figo, ndivyo alivyotuambia, na alikuwa mkweli, kwa maana figo haziumi zinapoanza kuchoka. Miguu ilipokuja kuvimba, figo zilikuwa zimekwisha kuaga. Alimalizia kwenye mashine ya kusafisha damu, na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka. Nimekaa kwenye benchi la wasindikizaji nikitazama damu ya mtu wa tumbo moja na mimi ikizunguka kwenye mipira. Tulipomzika, nilibaki na swali moja, nalo nililibeba kila nilipokaa kwenye kiti cha yule mzee: je, na mimi niko njiani kwenda benchi lile? Mengine yote, sukari imepanda, sukari imeshuka, kwangu yalikuwa bei za sokoni.

Alilijua swali hilo bila kuulizwa. Kila mwaka, pamoja na kupima mkojo, alipima damu yangu kuangalia kitu kinaitwa kreatinini. Alinieleza kwa lugha ya kwetu. Ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo nzima huitoa, figo iliyochoka huiacha ibaki kwenye damu. "Lakini usimwamini sana," alisema, kana kwamba anazungumzia shemeji. "Kreatinini ni mlinzi wa soko anayepiga filimbi wezi wakishaondoka. Figo inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, yeye bado anasema hali ni shwari."

Ndipo likaja suala la mbuzi.

Kaka yangu anaishi kijijini, upande wa Hombolo. Ni mtu mwema ambaye wema wake huja bila kuuliza. Alisikia kwamba kesho yake nakwenda kutolewa damu, na hilo halikumpendeza. Akafika jioni na mbuzi.

"Wale watu wanakunyonya," alisema. "Kila mwaka wanachota, hawarudishi. Utaingiaje pale mkavu?"

"Kaka, ni vichupa viwili."

"Vichupa viwili vya nani? Ni vyako. Kula."

Kwetu mtu anayetokwa damu, awe mzazi, awe aliyekatwa panga, huongezwa nguvu kwa nyama na supu. Hakuna aliyewahi kusema kwamba maabara ni tofauti na panga. Nikala. Nilikula ini, nikala nyama iliyochemka hadi ikalegea, nikanywa supu na kuongezewa. Asubuhi nikanywa ile iliyobaki ili isimwagwe. Nikaenda kliniki nimeshiba na nina fahari, nikampa mkono na kumwambia leo chota unavyotaka.

Majibu yalitoka yamepanda vibaya. Daktari, mama mpole mwenye miwani mikubwa, aliniambia ni namba ya kutiliwa maanani, tutarudia kabla ya kusema lolote. Mimi nilisikia "kutiliwa maanani" na sikusikia tena kingine. Nilirudi nyumbani nikamwambia kaka, naye akawaambia wengine. Kabla jua halijazama akina mama wa jumuiya walikuwa wamejaa barazani na unga na vitenge, wakinisalimia kwa sauti ya chini kama marehemu anayechelewa. Kaka alikuwa uani akijadiliana na wajomba nani atakuwa ananipeleka kwenye mashine. Mbuzi aliyebaki walikuwa wanamla wao.

Mtu wa Maabara alipita akitoka kazini, akasimama mlangoni kwa sababu ya ule umati. Alinusa.

"Hiyo ni supu?"

"Karibu, Mzee," kaka akasema. "Ni ya mgonjwa. Tulimpikia jana ajiandae."

Yule mzee aliweka mkoba wake chini polepole.

"Dalali. Jana ulikula nini?"

"Mbuzi."

"Na leo asubuhi?"

"Yuleyule."

Alikaa kwenye kiti cha mama mmoja aliyekuwa ameinuka kunihurumia, akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Ni mara ya pekee niliyomwona akicheka hadi machozi. Alipopata pumzi alitueleza. Nyama, hasa ikiwa imepikwa sana, inaingia na kreatinini yake; kwa saa kadhaa damu yangu ilikuwa inabeba taka yangu na taka ya mbuzi. "Nimempima mbuzi," alisema. "Na mbuzi yule alikuwa mzima, amekufa kwa kisu." Kisha akajilaumu mbele ya watu wote: nilipompa mkono ule wa fahari alipaswa kuniuliza nimekula nini, na hakuniuliza. Akina mama walikunja vitenge vyao. Mmoja aliondoka na unga wake, na simlaumu.

Nilirudia kipimo baada ya siku chache nikiwa nimelala na mlenda na ugali wa uwele. Namba ilishuka, ikarudi ndani ya mipaka ya watu wenye afya. Nilishukuru Mungu palepale kwenye kiti, nikashika mkoba wangu.

"Kaa," akasema.

"Nikae nini? Si imeshuka?"

"Dalali, ukihesabu magunia ukakuta yamepungua, unafanyaje?"

"Nahesabu tena."

"Na ukikuta yamezidi?"

Alisubiri. Ana subira mbaya, ile ya mtu aliyezoea kungoja mashine.

"Yakizidi," nikasema, "ni baraka."

"Haya. Basi hapa hatuna baraka. Hesabu nzuri nayo huhesabiwa mara mbili."

Akatoa majibu yangu ya miaka ya nyuma akayapanga mezani. Yote yalikuwa ndani ya mipaka, hata hili la leo. Lakini kila mwaka namba ilikuwa imesogea juu kidogo, kidogo ambacho mtu mwenye furaha hakioni.

"Ng'ombe wako yuko ndani ya zizi," alisema. "Ni kweli, hajatoka. Ila kila jioni unamkuta amesogea karibu na mlango. Utangoja atoke ndiyo useme amepotea?"

Nilimchukia kidogo siku ile. Nilikuwa nimeshinda, na mtu ananirudisha mezani. Alisema kuna kipimo kingine cha damu, sistatini C, ambacho hakijali mbuzi wala unene wa mkono. Ni protini ndogo inayotolewa na karibu kila sehemu ya mwili kwa kiasi kilekile siku zote, na figo ikianza kulegea protini hiyo huwahi kupanda kwenye damu. Naye si malaika, alisema, ana kasoro zake, ndiyo maana tunawasikiliza walinzi wote wawili, na mkojo kama mlinzi wa tatu. Kliniki yetu haikuwa na uwezo wa kukifanya. Sampuli ingepelekwa kwenye hospitali kubwa. Akainuka, akafunga vifungo vya koti, akaenda chumba cha pili kumshawishi daktari, kifua mbele kama wakili.

Akarudi upesi kuliko alivyokwenda. Daktari alikuwa ameshaandika ombi la kipimo hichohicho tangu asubuhi, pamoja na cha mkojo. Hadithi hii aliisimulia mwenyewe mtaani kwa miaka, kila mara akimalizia kwa kusema kwamba alifunga vifungo bure.

Majibu yalikuja na habari niliyoiogopa, lakini ikiwa bado changa. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka. Zilikuwa zimeanza tu. Daktari alinipa dawa ya kuzilinda, akakaza kamba kwenye sukari na presha. Mtu wa Maabara, kwa upande wake, aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: nafanyaje mgongo ukiuma, maana alijua kazi ya Kibaigwa. Nikamwonyesha vile vidonge vya maumivu tunavyotafuna sokoni kama karanga, msimu mzima. Akavitazama kwenye kiganja changu.

"Mwonyeshe daktari, leo."

Nikajaribu. "Nibakize vya siku za lori tu."

"Mwonyeshe."

Daktari alivifuta vyote, maana vinaumiza figo. Nami nikajifunza kukaa kwenye kigoda wakati wa kupakia, jambo ambalo wapakiaji wanalicheka mpaka leo. Wacheke. Dada yangu hakupata mtu wa kumrudisha mezani siku aliyokuwa anashinda.

Nyuma ya nyumba yake alikuwa na mizabibu michache, na hapo ndipo uchoyo wake ulipokuwa dhahiri. Zabibu zikiiva, kila jirani alipewa kichane. Mimi nilipewa kiganja. Aliweka punje moja moja mkononi mwangu, na akifika kumi na mbili alifunga vidole vyangu kama anafunga gunia.

"Mzee, mtoto wa mwenye duka kapewa kichane kizima."

"Mtoto wa mwenye duka hana sukari."

"Kumi na tano."

"Kumi na mbili, na uzile taratibu."

Nilizihesabu njiani. Zilikuwa kumi na mbili kila mwaka. Hakukosea juu wala chini.

Alipostaafu alihamia Hombolo, karibu na bwawa, akapanda zabibu shamba zima. Kiti chake kilichukuliwa na binti mwenye mikono myepesi. Mwaka huu nilipokwenda kupima, binti huyo aliniletea majibu akitabasamu: namba zimesimama palepale zilipokuwa mwaka jana na mwaka juzi.

"Rudia," nikamwambia.

"Mama, mbona ni nzuri?"

"Ndiyo maana nakwambia urudie."

Alinitazama, kisha akarudia. Zilikuwa zilezile. Nikazikunja, nikaenda nazo Hombolo.

Nilimkuta kati ya mistari ya mizabibu, amevaa kofia ya majani, amekonda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Dalali." Alinitambua kwa sauti, uso wake ulikuwa umegeukia mti uliokuwa pembeni yangu. Nikampa karatasi. Akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akaigeuza kuelekea jua. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, mtoto wa jicho, yote mawili.

"Soma wewe," akasema.

Nikasoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole, namba baada ya namba. Akawa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia wimbo wa kwao.

"Jana ulikula nini?"

"Mlenda."

"Vizuri." Akanirudishia karatasi. Kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Nikamuuliza juu ya macho. Akasema bado anaona, anatofautisha mzabibu na mtu. Nikamwambia ametofautisha mimi na mti akachagua mti. Akasema atakwenda kufanyiwa upasuaji, ila baada ya mavuno.

"Kabla," nikasema.

"Baada. Shamba halina mtu."

"Mzee, ng'ombe wako yuko zizini. Lakini yuko karibu na mlango."

Aliinama akang'oa jani lililokauka. Upepo wa bwawani ulipita kwenye majani. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua wakati ambapo aliye mbele yako amekwisha kukubali na anatafuta tu njia ya kulisema, nami sikumharakisha.

"Nani ataangalia shamba?"

"Kaka yangu yuko hapo jirani. Ila umwambie usije ukapikiwa mbuzi."

Akacheka kidogo. "Kabla, basi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kushinda kwake, na nilitamani dada yangu angekuwepo ashuhudie.

Akapapasa kichane kilichoiva, akachuma punje moja moja, akaziweka kwenye kiganja changu akihesabu kimoyomoyo, kisha akafunga vidole vyangu. Sikungoja kufika njiani. Nilifungua nikahesabu, nikapata kumi na saba. Nikahesabu tena, nikapata kumi na saba.

Zamani ningefunga mkono na kumtakia mzee mchana mwema.

"Mzee," nikasema, "zimezidi tano."

"Najua," akasema, akiwa ameshageukia mzabibu mwingine. "Zabibu huwa nahesabu kwa vidole, si kwa macho."